Nozeli Zikiishiwa Muda

Swali hili hufika gereji likiwa na jibu lake mkononi: "Fundi, nimeweka turbo kubwa, sasa niwekee na nozeli za 1,000." Mwenye gari ameshaulizia bei, pengine hata rangi ameshachagua. Alichosahau ni kuzipima zile alizonazo.

Nozeli ya petroli ni vali ndogo ya umeme isiyojua nusu: ama imefunguka, ama imefungwa. Kompyuta ya gari ikitaka mafuta zaidi haiipanui, inaiacha wazi kwa muda mrefu zaidi. Na muda wenyewe ni wa kuhesabiwa. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda inamaliza kazi yake yote, kuanzia kuvuta hewa hadi kutoa moshi, kwa milisekunde 20 tu. Kwa 7,000 zinabaki 17. Humo ndimo nozeli inapotakiwa ifunguke, imwage, ifunge, na kule kufunguka peke yake hula karibu milisekunde moja. Ikiwa inakaa wazi 17 kati ya zile 20, imefika asilimia 85, na hapo ndipo mafundi wengi tunapochora mstari. Ukiuvuka, sindano ya ndani haipati nafasi ya kutulia kwenye kiti chake na kiasi cha mafuta kinaanza kuyumba. Ikifika 100, nozeli iko wazi muda wote. Kompyuta itaomba zaidi na haitapata kitu.

Hesabu ya awali unaweza kuifanya kwenye karatasi ya sigara. Injini ya petroli yenye turbo, ikikanyagwa hadi mwisho, hunywa takriban sentimita 6 za ujazo kwa dakika kwa kila nguvu moja ya farasi. Chukua Toyota Mark II ya JZX100 yenye injini ya 1JZ-GTE, lita 2.5, silinda sita. Nozeli zake za kiwandani ni za 380, yaani kila moja humwaga sentimita 380 za ujazo kwa dakika ikiachwa wazi. Sita ni 2,280. Asilimia 85 yake ni 1,938. Gawa kwa 6, unapata farasi kama 320. Toyota ilitangaza 280. Akiba basi ni farasi arobaini, na hata hizo usizihesabu zote, maana miaka ile watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasitangaze zaidi ya 280, hata pale injini ilipozidi kidogo. Eksozi pana na msukumo ulioongezwa vinatosha kuimaliza akiba hiyo, bila hata kubadilisha turbo yenyewe.

Karatasi hukuelekeza pa kutazama, lakini uamuzi hutoka barabarani au kwenye mashine ya kupimia nguvu. Unganisha kompyuta ndogo, rekodi asilimia ya muda wa nozeli, na weka kwenye eksozi sensa ya oksijeni ya masafa mapana. Ile iliyokuja na magari mengi ya zamani inajua tu kama mchanganyiko uko juu au chini ya hewa 14.7 kwa petroli 1, na turbo ikisukuma tunataka 11 hadi 12. Dalili ninayoitafuta ni hii: kwenye mizunguko 4,500 namba ni 11.5, halafu kadiri injini inavyopanda inateleza, 12, 12.6, 13, huku muda wa nozeli ukigota juu ya 90. Hapo injini huanza kugonga, na pistoni haikai sana.

Lakini mchanganyiko kukauka, yaani petroli kupungua, si lazima kumaanishe nozeli ni ndogo. Regyuleta ya magari haya inafuata turbo: ikisukuma baa 1, presha ya petroli nayo inatakiwa ipande kutoka 3 hadi 4, ili tofauti kwenye mdomo wa nozeli ibaki ile ile. Pampu iliyochoka, filta iliyoziba au waya mwembamba unaopoteza volti, vyote vitakuonyesha namba zile zile za kukauka. Funga geji ya presha kwanza. Nimeona nozeli mpya za bei mbaya zikinyweshwa na pampu ya miaka ishirini.

Kuna na jambo la uchafu, ambalo naliona ni zito kuliko linavyopewa uzito. Nozeli moja kati ya sita ikipungukiwa asilimia 10, jumla inapungua chini ya asilimia 2. Sensa ya eksozi inaonja moshi wa silinda zote kwa pamoja, hivyo itakuambia kila kitu kiko sawa wakati silinda moja inaungua kimyakimya. Zitoe, zisafishwe kwenye mashine, zipimwe moja moja. Mara nyingine safari inaishia hapo na mteja anabaki na pesa zake.

Sasa jambo linalowakamata watu wa Nairobi. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na presha ya hewa pale ni kama baa 0.82. Geji ya turbo ikisoma baa 1, injini inapata jumla ya 1.82. Teremka nalo gari Mombasa. Kama msukumo unaendeshwa na springi au kidhibiti cha mkono, geji itasoma 1 ile ile, lakini injini inapata 2.01, asilimia 10 zaidi. Joto la pwani linapunguza kidogo, si zote. Sensa ya hewa inaona, kompyuta inaomba petroli zaidi, na nozeli zilizokuwa kwenye 82 nyumbani zinakimbilia 90. Gari lililopimwa na kusifiwa Nairobi linaishiwa mafuta karibu na Mariakani. Kwa wateja wanaosafiri, kwangu mimi kikomo cha Nairobi ni 75.

Ukiridhika kwamba zimeisha, usirukie 1,000. Kubwa mno ikibidi imwage tone wakati gari limesimama linanguruma, inafunguka kwa muda mfupi kiasi kwamba sehemu kubwa ni ile milisekunde ya kufunguka tu. Injini inatetemeka na plagi zinajaa masizi. Kwa Mark II inayolenga farasi 400, hesabu ile ile inakupa 470. Za 550 zinatosha na kubaki. Ila uliza ukinzani wake wa umeme. Zile 550 za Supra zilizopelekwa nje ya Japani ni za ukinzani mdogo na Toyota iliziwekea rezista zake. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye gari la ukinzani mkubwa, utaunguza kompyuta. Na muuzaji akupe karatasi yenye muda wa kufunguka wa nozeli kwa kila volti, maana fundi wa programu bila namba hizo anakisia. Asiye na karatasi hiyo, kwa kawaida ana bidhaa bandia, hata kama boksi linang'aa.