Fyuzi Iliyoingia Weusi

Palikuwa na nyumba yenye runinga moja na watoto watano. Jioni moja ya mpira, timu hazijaingia hata uwanjani, runinga ikalia "tak!" ikazima. Taa zikaendelea kuwaka. Kaka mkubwa, aliyesifika kwa ujanja wa vitu vya umeme, akachomoa plagi, akafungua mgongo wa runinga, akakiona kibomba cha kioo kifupi kuliko kidole cha mwisho. Ndiyo fyuzi yenyewe, nayo imeingia weusi ndani. Maduka yalikwisha kufungwa. Akatwaa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaivingirisha juu ya fyuzi, akarudisha plagi.

Pa! Moshi ukafuka, na safari hii nyumba nzima ikaingia giza.

Kesho yake fundi wa mtaani hakuanza na runinga. Aliomba kwanza ile fyuzi, akaielekeza kwenye mwanga.

"Fundi, mimi nilitaka tu umeme upite," kaka akajitetea.

"Umepita, kijana. Umepita wote."

Wanangu, ndani ya fyuzi mna uzi mwembamba wa madini. Mkondo ukizidi kiasi, uzi huo hupata joto, huyeyuka, na njia hukatika. Fundi mzoefu huisoma fyuzi iliyokufa. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika katikati, mara nyingi mkondo ulizidi kidogo tu, au fyuzi imechoka kwa uzee. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha kwa ndani, ujue uzi uligeuka mvuke kwa mara moja. Hapo kuna shoti mahali fulani.

Katika runinga ile shoti ilikuwa kwenye dayodi. Dayodi ni mlango unaofunguka upande mmoja tu: umeme huenda, haurudi. Runinga nyingi zina dayodi nne mlangoni mwa umeme, na ikifa moja, mara nyingi hubaki wazi pande zote mbili. Fyuzi ilikatika kwa sababu hiyo. Dayodi ni kifaa cha bei ndogo. Kaka angeipeleka runinga kwa fundi bila kuiziba fyuzi, kazi ingekuwa ndogo. Karatasi ya sigara haikutibu dayodi. Iliuruhusu mkondo mkubwa uingie, ukabandua njia za shaba kwenye bodi, hata sakiti breka ya ukutani ikajikata. Nyumba ilisalimika kwa hiyo breka.

Maana shoti ikishatokea, kitu lazima kiungue. Fyuzi iliwekwa ili kiungue kile cha bei rahisi, tena ndani ya kifuko chake. Ukiiziba, umeme utajichagulia pengine pa kuunguza, nao hauchagui kwa huruma. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara kumi, joto ni mara mia. Wako watu, na si wachache, wanaotia msumari mahali pa fyuzi. Msumari wa unene wa milimita 3 huweza kubeba zaidi ya ampea 100 kabla haujayeyuka, ilhali waya wa taa uliofichwa ukutani ni wa ampea kumi na kitu tu. Plastiki yake italainika na kushika moto huku msumari ukiwa mzima kabisa.

Ujuzi huu ni wa zamani. Mwaka 1847 Mfaransa Louis Breguet alishauri kuweka nyaya nyembamba kwenye vituo vya telegrafu, ili radi ikipiga ziyeyuke zenyewe na mitambo ipone. Miaka 100 baadaye, mwaka 1947, Uingereza ilitoa kanuni za plagi ya miguu mitatu ya bapa, ile ile tunayoitumia Kenya, Uganda na Tanzania. Shaba ilikuwa adimu kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakaamua soketi nyingi zizungukwe na waya mmoja wenye fyuzi ya ampea 30. Lakini waya mwembamba wa taa ya mezani ungeungua zamani kabla ampea 30 hazijafika! Ndiyo maana kila plagi ikapewa fyuzi yake.

Namba iliyoandikwa juu ya fyuzi hiyo ina hesabu yake. Pasi ya wati 1,000 kwenye volti 230 huchukua ampea 4 na ushei. Birika la wati 2,500 huchukua karibu 11, kwa hiyo hutiwa fyuzi ya 13. Taa ya mezani hutosheka na ya 3. Kuitia ya 13 "ili isisumbue" hakuna tofauti kubwa na karatasi ya sigara.

Mgongo wa runinga msiufungue, hata plagi ikiwa imechomolewa. Mle mna kapasita kubwa inayoweza kushikilia zaidi ya volti 300 baada ya umeme kukatwa. Fyuzi ya plagi abadilishe mtu mzima, plagi ikiwa mkononi, kwa fyuzi ya namba ile ile. Mpya nayo ikikatika papo hapo, msitafute ya tatu. Chombo kiende kwa fundi, na fyuzi zote mbili zifuatane nacho, maana atataka kuzisoma.