Totoro wa Krimu Mtaani Setagaya
Wazazi wenzangu mlioko Japani, au mtakaopita Tokyo na watoto, bekari hii msiikose. Inaitwa Shiro-Hige's Cream Puff Factory, imejificha kati ya nyumba za watu huko Setagaya. Kutoka Shinjuku tulipanda treni ya Odakyu hadi kituo cha Setagaya-Daita, kisha tukatembea kidogo.

Vikeki vyake vyepesi vilivyojaa krimu vina umbo la Totoro, kiumbe wa msituni katika filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1988. Nunueni mle mapema. Krimu haivumilii joto.

Binti yangu wa miaka 6 alimkazia macho Totoro wake, akaniuliza kwa Kijapani, kama kawaida yake: "Mbona mahamri ya bibi hayana uso?"

Bibi yake yuko Tanga, nao huonana kwenye simu tu. Jumamosi iliyofuata alituelekeza kwa video: iliki, tui, unga uumuke. Tukakata mahamri yenye masikio, tukakaanga, macho tukayachora kwa chokoleti. Wakaongea nusu saa nzima, Kiswahili kitupu. Sikutafsiri hata neno moja.