Mfarishi wa Mabaki: Kuchagua Kwanza, Kushona Baadaye

Jua linapokaribia kutua katika mtaa wa Kiyembe, mjini Kampala, mafundi cherehani huanza kufagia chini ya meza zao. Mchana kutwa wamekata vitenge, gomesi, suruali na sare za shule, na sasa sakafu imejaa vipande: pembe za makwapa, nusu duara za shingo, mikanda myembamba iliyosalia ubavuni mwa kitenge cha yadi 6. Mke wa askari aliyezoeana na fundi wake haoni haya kumwomba mabaki hayo, na akirudi nyumbani Naguru au Nsambya na gunia lake begani, tayari anayo malighafi ya mfarishi. Lakini mifarishi mingi haifi mikononi mwa mshonaji mbaya. Hufia ndani ya gunia, kwa sababu mwenyewe alishika sindano kabla ya kuchagua.

Mfarishi ni tandiko la kujifunikia lenye matabaka: juu vipande vilivyoungwa, katikati kitu cha kutia joto, chini bitana, na yote yameshikwa pamoja kwa mishono. Ukiwa na vitambaa visivyopatana, kila ufuaji utakuwa ugomvi. Kimoja kitarudi, kingine kitabaki kama kilivyo. Na baada ya muda uso mzima utakunjamana mfano wa jani la ndizi lililokauka.

Basi gunia na limwagwe mkekani. Kitenge cha pamba kiwekwe upande mmoja. Gomesi nyingi za siku hizi hushonwa kwa vitambaa vinavyong'aa na kuteleza, ambavyo nyuzi zake huchopoka upesi. Hivyo viwekwe mbali, hata kama rangi zake zavutia macho. Asiyekuwa na hakika na afanye jaribio la mafundi: achomoe uzi mmoja, auchome juu ya bakuli la maji, watoto wakiwa mbali. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa poliesta huyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu. Kitambaa cha namna hiyo kikikutana na pasi ya mkaa, mwenyewe atajuta.

Liko fungu la tatu ambalo jamaa za wanajeshi hawana budi kulitazama kwa makini zaidi. Suruali ya kazi iliyochakaa magotini ina kitambaa kigumu, kizuri, chenye kudumu, na mama wa nyumbani huona uchungu kukiacha kioze. Hata hivyo, Sheria ya Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda ya mwaka 2005 inahesabu sare za Jeshi kuwa mali ya Jeshi pekee, na raia wamewahi kushitakiwa kwa kukutwa nazo. Mnamo Septemba 2019 hata kofia nyekundu za bereti zilitangazwa katika gazeti rasmi la Serikali kuwa miongoni mwa mavazi ya Jeshi. Kipande cha madoadoa ya kijeshi katikati ya mfarishi wa mtoto chaweza kuonekana jambo dogo katika kambi, ambako kila mtu anamjua baba mwenye nyumba. Lakini mfarishi huo huo utaanikwa siku moja katika ua wa bibi kijijini, au utapewa shemeji mwanafunzi, na huko hakuna wa kumweleza mkaguzi ulikotoka. Sare na irudishwe ilikotoka. Shati la kiraia la baba, lililochakaa kola tu, litafaa zaidi, kwani mgongo wake ni kitambaa kizima.

Vilivyochaguliwa vifuliwe kabla ya kukatwa, vyekundu na vya buluu iliyokolea peke yake katika maji baridi, mpaka maji yatoke meupe. Kisha vipigwe pasi. Kazi hii huchosha na haina sifa, na ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Anayeanza asikimbilie kitanda cha watu wazima. Mfarishi wa mtoto watosha kumfundisha. Akate kigezo cha karatasi ngumu, sentimeta 15 kila upande, akilaze sawa na nyuzi za kitambaa; akikata hanamu, kipande kitavutika na kupoteza umbo. Mshono ukila sentimeta 1 kila upande, kipande hubaki na sentimeta 13. Vipande 7 kwa upana na 9 kwa urefu, yaani 63, vitatoa uso wa sentimeta 91 kwa 117. Avitandaze vyote sakafuni kabla ya kuunga hata kimoja, asimame mbali avitazame, tena asubuhi ya pili. Hakuna hasara kuhamisha kipande kisichoshonwa.

Na asiye na cherehani? Huko India, katika jimbo la Karnataka, wanaishi Wasiddi, wazao wa watu waliotoka Afrika Mashariki na sehemu nyingine za bara hili. Wanawake wao hushona kwa mkono mifarishi iitwayo kawandi kutokana na nguo zilizochakaa. Hawaungi uso kwanza. Hutandaza kitambaa kikubwa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, wakaanza pembeni na kuelekea katikati, wakiweka kipande baada ya kipande na kukishika kwa mishono iliyonyooka. Pembe nne hutiwa vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, viitwavyo phula, yaani maua. Mfarishi usio navyo huhesabiwa kuwa uko uchi. Kwa njia hiyo hata vipande vya ukubwa mbalimbali, ambavyo kigezo cha karatasi kingevikataa, hupata mahali.

Tabaka la kati halihitaji pamba ya dukani. Kwa Kampala blanketi jembamba lililozeeka latosha, au shuka mbili kuukuu. Baba akiwa na tetesi za kuhamishiwa Kabale, mahali penye baridi ya milima, blanketi zito litakuwa la busara, ila sindano itapita kwa shida na mishono iwe mirefu kidogo. Matabaka yapigwe bandi kutoka katikati kwenda nje, yasije yakateleza; na bitana izidi uso kwa sentimeta 4 kila upande, ipate kugeuzwa juu na kuwa pindo. Vipande vya gomesi vilivyowekwa kando mwanzoni vinaweza kushonwa mfuko wa kuhifadhia mfarishi wenyewe siku ya kupakia lori.