Ganda la kahawa lina thamani, chama kiliulizie

WAKULIMA wa Kibosho, Machame na Marangu wakipeleka kahawa ya maganda mjini Moshi kukobolewa, kinachosubiriwa nyumbani ni bei ya kahawa safi. Ganda hubaki kiwandani, na ni wachache wanaoliulizia.

Hesabu yake ni nyepesi. Kilo 100 za kahawa ya maganda hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi. Zilizobaki, nyingi ni maganda. Yakichomwa kwenye pipa lisiloingiza hewa, hutoa mkaa wa kama robo ya uzito wake, yaani kilo tano hivi. Kwa kaya moja ni mkaa wa siku chache tu. Kwa chama cha msingi chenye tani 100 ni tani tano, na hiyo sasa ni biashara.

Watafiti wa nchi za nje wanautaka mkaa wa mimea kwa kazi nyingine: kuzalisha umeme kwa seli ya fueli. Mtambo huu hufanana na betri. Mkaa hauwaki moto, bali hukutana na oksijeni kupitia chumvi iliyoyeyuka kwa joto kali, na umeme hutoka bila boila. Mmarekani William Jacques alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1896, akitumia makaa ya mawe. Hata hivyo, seli hizo bado ni za maabara. Mojawapo ya maadui wake ni majivu, ambayo huichafua chumvi.

Hapo ganda la kahawa linaizidi mbali pumba ya mpunga wa Mabogini na Chekereni, ambayo majivu yake yanaweza kufikia asilimia 20, mengi yakiwa kama mchanga.

Asisubiri mtu seli hizo. Mteja wa leo ni mama lishe na shule, na mkakati wa Serikali wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Unga wa mkaa hushikanishwa kwa uji wa muhogo, hufinyangwa na kuanikwa hadi ukauke kabisa. (Ganda bichi jekundu libaki kihambani, hilo ni mbolea.)

Pale Arusha Chini, kiwanda cha sukari cha TPC huzalisha umeme kwa makapi ya miwa, kwa kuwa makapi ni yake. Kwenye kahawa, mwenye ganda ni nani? Viongozi wa vyama waulize kabla ya msimu, jibu liandikwe kwenye mkataba wa kukoboa, pamoja na bei ya gunia.