Rangi Nyekundu Siyo Damu
Majaribio mawili ya jikoni kwa watoto wetu

Na Karani wa Parokia, Chikongola, Mtwara

Wazazi wapenzi, mtoto aulizapo, "Mbona hivi?" msimfukuze jikoni. Mpeni majaribio haya mawili, ayafanye kwa mikono yake, nanyi mkimtazama.

La kwanza. Korogeni kijiko cha manjano ya kupikia katika maji machache, mpake karatasi nyeupe, mwiache ikauke. Loweka majivu ya kuni, myachuje kwa kitambaa. Mtoto achovye kijiti katika maji hayo ya majivu, aandike jina lake juu ya karatasi. Herufi zitatokea nyekundu kama damu! Kisha akamulie ndimu juu yake: wekundu utatoweka. Akimaliza anawe mikono, wala asijiguse macho.

Sababu yake ni hii: maji ya majivu ni alikali, na ndimu ni asidi. Rangi ya manjano hugeuka nyekundu ikikutana na alikali, na asidi huirudisha. Ndiyo maana doa la mchuzi katika kanzu huwa jekundu likipakwa sabuni, kwani sabuni ya mche nayo ni alikali. Mtaalamu Robert Boyle, mzaliwa wa Ireland, aliandika mwaka 1664 jinsi maji ya maua yanavyogeuka rangi vivyo hivyo.

La pili. Simamisheni kipande kifupi cha mshumaa ndani ya bakuli lenye kina, mwali wake uwe chini ya ukingo. Zungusheni magadi ya kupikia maharage, vijiko viwili. Mzazi awashe mshumaa. Mtoto amimine maji ya ndimu polepole pembeni. Magadi yatatoa povu, na mshumaa utazimika bila kupulizwa. Asidi imetoa katika magadi hewa iitwayo kaboni dayoksaidi. Hewa hii ni nzito, hujaa bakuli na kuusukuma nje upepo unaolisha moto.

Lakini angalieni sana! Dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe isichanganywe kamwe na ndimu wala siki. Hutoka gesi ya klorini, ile ile iliyoua askari vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Chokaa mbichi nayo si mchezo: ikipata maji huchemka na kuunguza.

Faida ya kazi hii ni nini? Kanisa latukataza kufuata ramli, lakini katazo peke yake haliondoi hofu moyoni. Siku moja mjanja aweza kufika kwenu, atoe kitambaa cha manjano, akinyunyizie maji, kiwe chekundu, aseme, "Tazameni damu ya mgonjwa wenu!" kisha adai kuku na fedha. Watu wazima watatetemeka. Mtoto aliyefundishwa jikoni atasema tu, "Mama, nipe ndimu."