Ndege mwenye shaba katika mabawa

Mwezi wa tisa ndio wakati mzuri wa kupeleka watoto porini. Mvua haijaanza, lakini miti ya miombo imeisha kutoa majani mapya, mekundu kama udongo wetu. Watoto wa hapa Golf, wanaokua kati ya kuta, walidhani miti inakauka.

Tulikwenda Mikembo, hifadhi ya watu binafsi yenye hekta 800, kaskazini-mashariki ya Lubumbashi. Lazima kuomba ruhusa mbele. Vichuguu vya huko vinapita nyumba kwa urefu. Tulitembea kimya (kwa wamama hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa), na kwa sababu ya kimya hicho swala walisimama wakatutazama.

Lakini aliyetushinda wote ni turako. Mwili wake ni bluu ya kuiva, kichwani amevaa kilemba chekundu. Akiruka, mabawa yanafunguka mekundu kabisa. Rangi ile nyekundu ina shaba ndani yake, shaba ya kweli, anayoipata katika chakula chake. Watoto wa mji wa shaba kusikia hivyo, wakapiga makofi. Ndege akakimbia.

Wakati wa kurudi, tulihesabu mifuko ya makala kando ya barabara mpaka tukachoka. Mama mmoja akauliza: «Umeme ukikatika, tutapika bukari na nini?» Ni swali la haki. Mbabula ndiyo inalisha watoto wetu, na anayechoma makala naye ana watoto. Ila tujue tunachokula. Miti mingi ya miombo ikikatwa huchipuka tena kwenye kisiki, lakini inataka miaka mingi kukomaa, na moto wa kila mwaka unaua machipukizi. Bowa wengi tunaonunua sokoni wanaishi pamoja na mizizi ya miti hiyo, na vinkubala wanakula majani yake. Mwenye kuuza bowa anapoteza kazi yake pamoja na mti.

Kikundi chetu kimepatana kujaribu mbabula ya udongo, ile inayotunza moto na kula makala kidogo. Tutapima mfuko mmoja unamaliza siku ngapi, kisha tutawaambia hapa.

Wanaotaka kwenda safari ijayo: tuondoke asubuhi mapema, maana jua likipanda ndege wananyamaza. Nguo za rangi ya majani au udongo, viatu vya kufunga, maji ya kutosha. Redio ibaki nyumbani.