Ayub Ogada: Mzaliwa wa Mombasa aliyezunguka dunia na nyatiti

Vijana wengi hapa kwetu Pwani wanatunga na kuimba wenyewe, bila bendi ya kudumu wala kampuni kubwa nyuma yao. Swali lao huwa moja: mtu wa namna hiyo anaishi kwa kula nini? Mimi huwajibu kwa kuwatajia Ayub Ogada. Wengi wanamhesabu kuwa msanii wa Kisumu, na ni kweli, kwani alifariki Nyahera, nje kidogo ya mji huo, tarehe 1 Februari 2019. Lakini alizaliwa hapa hapa Mombasa mwaka 1956, katika familia ya Kijaluo. Jina lake la awali lilikuwa Job Seda. Ayub ni Job huyo huyo, kama tunavyomwita nabii sisi Waswahili.

Chombo chake kilikuwa nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo mbao ya chombo, huku njuga zikilia mguuni. Kwa hiyo mtu mmoja anakuwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Kwa msanii anayesafiri peke yake hilo si jambo dogo, maana nauli ni ya mtu mmoja na malipo hayagawanywi.

Huko ufuoni mwa ziwa, mpigaji wa nyatiti amekuwa akiitwa matangani na kwenye sherehe tangu zamani, na malipo yake mengi hutokana na desturi iitwayo pakruok. Mtu huinuka, husimamisha wimbo, hutoa fedha, hujisifu yeye na ukoo wake, kisha muziki unaendelea. Sisi tunalielewa hilo bila kufunzwa, kwani halina tofauti kubwa na kutuza kwenye taarabu, pale bibi anapoinuka taratibu na noti mkononi hadi kwa mwimbaji. Fedha hii ni ya papo kwa papo. Uzuri wake ni kwamba hakuna wa kati. Ubaya wake ni kwamba ngoma ikivunjika, na pato limekwisha.

Ogada alipitia ngazi nyingine kwanza. Miaka ya 1970 alikuwa katika bendi ya Black Savage jijini Nairobi, na mwaka 1979 akawa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya African Heritage. Mwaka 1986 aliondoka na nyatiti yake kwenda Uingereza. Huko hakupokewa na promota yeyote. Alipiga muziki kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi za London, abiria wakimtupia sarafu. Ukitazama vizuri, ni pakruok ile ile, ila mtoaji hajui jina la mwimbaji wala hana muda wa kujisifu.

Mwaka 1988 alipata nafasi kwenye tamasha la WOMAD, lililoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake. Kutoka hapo njia ilifunguka: majukwaa ya nchi mbalimbali, kisha mwaka 1993 albamu En Mana Kuoyo, iliyotolewa na Real World, kampuni ya Gabriel. Hii ndiyo ngazi ya pili ya pato, ada za maonyesho. Ni nzuri kuliko sarafu, lakini inadai mwili. Msanii akiugua au akichoka kusafiri, ada inasimama.

Ngazi ya tatu ndiyo wengi wetu hatuielewi, nayo ndiyo yenye uzito. Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti yake, ambao ni wa mtunzi. Ya pili ni ile rekodi yenyewe, ambayo mara nyingi ni ya aliyeigharamia. Anayetaka kuutia wimbo kwenye filamu anapaswa kupata ruhusa ya pande zote mbili, na kuzilipa.

Mfano wake ni Kothbiro, maana yake "mvua inakuja". Mwaka 2005 wimbo huo, kama alivyourekodi Ogada na nyatiti yake, ulitumika kwenye filamu The Constant Gardener. Mwaka 2018, Kanye West wa Marekani alichukua kipande cha wimbo huo huo kwa ajili ya Yikes. Lakini kipande kile hakikutoka kwenye albamu ya Ogada. Kilitoka kwenye rekodi ya zamani ya Black Savage, na James Mbarack Achieng wa bendi hiyo naye ametajwa kuwa mtunzi. Utunzi mmoja, rekodi mbili tofauti, na kila moja ina wenyewe. Ndiyo maana majina huandikwa mapema, watu wakiwa bado wanacheka pamoja, wala si siku fedha ya Marekani inapobisha hodi.

Pwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta onyo. Malaika imeimbwa dunia nzima, na hadi leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetunga ni huu. Kabla wimbo haujatoka, andikeni karatasi: nani ametunga, kwa sehemu gani, na nani amegharamia studio. Tieni sahihi wote. Usajilini kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kisha mjiunge na chama cha kukusanya mirabaha. Mtunzi na mwimbaji wana haki tofauti, na anayefanya kazi zote mbili ana haki pande zote mbili. Na kampuni ikikutangulizia fedha za kurekodi, soma ni vipi itazirudisha. Kwa kawaida hujilipa kutoka mauzo kabla wewe hujaona shilingi.

Ogada alirudi Kenya mwaka 2007 na kumalizia maisha yake upande wa ziwa. Kwa sheria yetu, hakimiliki ya utunzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Hii ina maana kwamba sehemu yake katika Kothbiro inalindwa hapa nchini hadi mwisho wa 2069 angalau. Sarafu za London zilikwisha siku ile ile. Kijana anayetunga leo Likoni au Malindi anaweza kuwaachia wanawe kitu cha namna hiyo, mradi jina lake limo kwenye karatasi.